Kidole cha Mama kwenye Fom ya Kadi

Jumatatu, 4 Agosti
Mvua tena. Nimechuna chai kilo kumi na nane tu, zote zimeandikwa kwa namba ya Mama ya kiwandani. Namba yangu ya chai siipelekei jani hata moja. Mkopo wa mbolea na wa ng'ombe aliyekufa unameza kila kitu. Huku kwetu mwenye madeni huchuna kwa namba ya mke au ya mamake. Karani wa kituo cha kupimia chai anajua, hasemi.

Karani mwenyewe anastaafu. Kazi imetangazwa. Naijua kazi hiyo kuliko yeye, lakini wanataka cheti cha CRB, wale wanaoweka orodha ya wasiolipa mikopo. Jina langu liko huko miaka mitatu sasa. Mikopo ya simu. Upuzi wa elfu mbili, elfu tatu. Najichukia kila nikikumbuka.

Jumamosi, 9 Agosti
Soko la Roret. Kuna madam mmoja wa fulana ya manjano, Faith, ameweka meza kando ya duka la dawa za mifugo. Kadi ya mkopo kwa watu waliokataliwa na benki. Hata kama uko CRB unapewa. Anasema ukiwa nayo mwezi mmoja tu, jina linasafishwa. Anachotaka ni dhamana: namba ya chai isiyo na deni, na kidole au sahihi ya mwenye namba.

Nilijua ni namba ya nani kabla hajamaliza kusema.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefanya. Tulipotoka kanisani nilimfuata Mama jikoni kwake, nikamwambia ni fom ya mbolea. Jicho la kulia limeenda kabisa, la kushoto lina ukungu, herufi haoni tena. Akanipa mkono. Nikakishika kidole gumba, nikakiweka kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Akauliza kama kimetoka vizuri. Nikasema vizuri.

Bonasi yake ya chai, ile ya kila Oktoba, ndiyo ya kupasuliwa jicho la kushoto. Daktari alisema mwaka huu usipite. Sitaigusa. Nikipata ukarani nitailipa kadi mwenyewe na hatajua.

Alhamisi, 28 Agosti
Kadi imefika. Rangi ya dhahabu. Waliniambia ni elfu kumi na tano. Kwenda kutoa, nakuta elfu sita. Ada ya kufungua, ada ya kutengeneza kadi, bima, ada ya mwezi. Nadaiwa kumi na tano na sijanunua hata chumvi.

Hizo sita nimemlipia binti yetu Cheptoo karo, zikaisha hapo hapo.

Jumanne, 16 Septemba
Majibu ya CRB yamekuja. Jina bado chafu. Sasa nina deni moja zaidi huko, hiyo hiyo kadi. Ukarani amepewa mtu wa Chepseon.

Nikampigia Faith. Kusema ukweli nilimtukana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole ada ya kuchelewa imeshaingia, na kufunga kadi nako kuna ada yake. Nisipolipa watakata kwa namba ya chai.

Nimechoka. Hata hasira sina.

Jumamosi, 27 Septemba
Mke wangu, Chelangat, ameipata kadi kwenye mfuko wa koti la mvua. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Amesema nimwambie Mama kabla bonasi haijaingia, la sivyo ataenda yeye. Nimeomba wiki moja.

Mama naye ameshatangazia kanisa zima kuwa atapasuliwa jicho, wamemwombea. Anasema akifunguliwa jicho anataka kwanza kumwona Cheptoo. Mtoto amekua na yeye hajui amefanana na nani.

Jumapili, 5 Oktoba
Wiki imeisha. Sijasema. Chelangat ananiwekea chakula mezani na kutoka nje. Mwoga mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bonasi imeingia. Imeshuka kuliko ya mwaka jana, kituoni watu wanalaani kiwanda. Nikachukua slipu ya Mama. Makato ya kadi yako hapo chini, waziwazi. Kilichobaki hakifiki nusu ya pesa ya jicho.

Kila mtu analia bonasi ni ndogo. Mama angeniamini. Ningemsomea namba ya mwisho tu, nikunje karatasi, yaishe. Njia nzima nilikuwa najizoeza jinsi ya kuisema. Chelangat amenikuta mlangoni, akaitazama slipu mkononi mwangu. Amesema kesho asubuhi, basi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama alikuwa anaanika mahindi. Akasema nimsomee slipu, akageuza uso upande wangu, si kwangu kabisa, karibu tu. Nikaanza na kilo. Nikasoma malipo. Nilipofika makato nikasoma yote, ada moja moja. Kisha nikamwambia ile haikuwa fom ya mbolea.

Akauliza, "Kidole ni changu?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akaendelea kugeuza mahindi. Nilitaka anipige, na umri wangu huu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeuza ndama. Haijatosha. Hospitali wamempa mtu mwingine nafasi ya Mama, wanasema arudi pesa ikitimia. Hawajui kusema ni lini.

Leo hakuna mvua. Nimechuna tangu alfajiri, nikapeleka kituoni, slipu ya kilo nikamwekea Mama mezani kwake kama siku zote. Jioni nikamwona anakuja kwetu polepole, mkono mmoja ukipapasa ua, ile slipu kwenye mkono wa pili. Nikasimama mlangoni nimpokee. Akanipita. Akaenda mpaka jikoni, akampa Chelangat amsomee.