Kengele Zisizo na Mnyapara

Baba,

Zililia. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza hata kabla ya salamu. Kengele za hatari za laini yetu ya nyumba hapa mtaani Jericho, mlango kwa mlango, Jumamosi mchana, watu wakitoka na povu la sabuni mikononi.

Ulikufa ukiamini tumewaangusha majirani. Stovu ya mafuta taa ilipolipuka kwa Mama Wanjiru, alibonyeza kitufe chake na hapakulia kitu. Kila kisanduku cha kengele tulizowafungia kilikuwa kinangoja amri ya kisanduku cha kwetu, na betri ya kwetu ilikuwa imekwisha. Aliungua mkono. Tangu siku hiyo hukumtazama usoni tena.

Nilikulaumu, Baba, kwa maneno ambayo binti hamwambii babake. Ni wewe uliyetaka kisanduku kimoja kiwe mkubwa wa vingine. Maisha yako yote Industrial Area ulikuwa mnyapara wa vibarua, na uliniambia, "Mwende, watu kumi bila mnyapara ni watu kumi wamekaa kivulini." Nami na diploma yangu nikaandika programu hivyo hivyo. Kosa lilikuwa letu sote wawili. Nisamehe.

Kisha ukatutoka. Asubuhi ile Mama Wanjiru, mkono ungali na bandeji, aliwasha jiko nje ya mlango wake. Jirani yake akaona moshi, akaleta sufuria. Wa pili akaona sufuria, akaenda kuteka maji. Kufikia saa nne viti vilikuwa vimepangwa hadi mwisho wa laini, na hakuna aliyeshika orodha wala kupaza sauti. Wewe, mnyapara mzima, ulisindikizwa na watu wasio na mnyapara. Nilicheka katikati ya matanga. Shangazi akadhani nimechanganyikiwa.

Tulipotoka kukuzika nilifuta programu yote. Nikavuta nyaya upya, kila kisanduku kisikie majirani wawili huku na wawili kule. Yeyote kati yao akilia, nacho kilie. Wa karibu akizimika, wa pili bado anasikika.

Jumamosi hiyo ya kujaribu nilitoa betri ya kwetu makusudi. Mama Wanjiru akabonyeza kwa mkono ule ule. Sauti ikaja mlango kwa mlango, ikaruka kwetu, ikaendelea mpaka nyumba ya mwisho. Kwetu tu palikuwa kimya. Hapo nililia, Baba. Nilikukosa sana, na bado nilifurahi.

Betri yako nimeirudisha. Nitaibadilisha kila mwisho wa mwezi, na shangazi ameshaniita mtaani kwao, Baba Dogo, nikafunge kengele. Kwa hiyo pumzika, usiwe na wasiwasi na kazi.

Nilikuwa nakusanya spana zangu Mama Wanjiru aliponishika bega, akaniagiza jambo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu: "Si umwambie mzee iko sawa."

Iko sawa, Baba.

Mwanao,
Mwende