Kikao cha Tano: Herufi "M" Iliyozidi Kwenye Bango

JUMUIYA YA UA NA AFYA
(Jumuiya ya kujitolea, haigawani faida, na haijawahi kuiona)

Kumbukumbu za kikao cha tano cha Kamati ya Utendaji, kilichofanyika Jumamosi asubuhi katika stoo ya mashuka ya hospitali, kwa kuwa chumba cha mikutano kilikuwa na mkutano.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti
2. Shangazi: mwanzilishi wa jumuiya, pia ni shangazi yake Mwenyekiti
3. Mwalimu Mstaafu: mjumbe na mhakiki wa lugha
4. Mtaalamu wa Mawasiliano: mjumbe, pia ni mpwa wa Mwenyekiti
5. Katibu: mwandishi wa kumbukumbu hizi; pia ni shemeji wa Mwenyekiti

ASIYEHUDHURIA
Mtunza Hazina. Alituma ujumbe kwamba mke wake ameliona bango na amemkataza kutoka nyumbani.

MWALIKWA
Mlinzi wa getini, aliyekuwa akiingia na kutoka.

KUMB. NA. 5/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao, ingawa Mtaalamu hana shughuli. Alikumbusha kwamba leo ndiyo siku ya kupanda maua katika kiwanja kilicho nyuma ya wodi ya wanaume, na kwamba Muuguzi Mkuu alishasema bila kumumunya maneno: akipita adhuhuri akakuta kiwanja hakina watu, Jumatatu kinamwagwa kokoto na kuwa maegesho ya magari. Hadi kikao kinafunguliwa, kiwanjani palikuwa na miche, majembe, ndoo za maji na mbuzi mmoja.

Shangazi aliomba iandikwe kwamba yeye amefika tangu alfajiri. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/2: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Kumbukumbu za kikao cha nne zilisomwa, pamoja na sehemu ambayo Katibu alipendekeza bango litumie neno "maua" na Mwenyekiti akamjibu, "Shemeji, wewe andika tu." Mwenyekiti aliuliza kama ilikuwa lazima sehemu hiyo iwemo. Ilikuwa lazima. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 5/3: TAARIFA YA MKAKATI WA MAWASILIANO
Mtaalamu alikuja na kompyuta ambayo haikuwa na chaji, hivyo alieleza kwa mikono. Alisema jumuiya nyingi za kujitolea hufa kwa sababu zinafanya mema kimyakimya, hakuna anayezijua. Dawa yake ni ujumbe mmoja mfupi, wenye maneno yasiyozidi manne, unaomfanya msomaji asimame. Bango lenye ujumbe huo lilitundikwa njia panda Jumanne, na picha yake ikatumwa kwenye makundi yote ya simu. Aliripoti kwamba mwitikio ni wa kutisha: watu asiowajua wanaisambaza picha hiyo, wengine wakiweka na vikaragosi vya kulia.

Mwenyekiti alimpongeza mpwa wake.

Shangazi aliuliza, kama mwitikio ni mkubwa hivyo, watu wako wapi. Mtaalamu alieleza kwamba kitaalamu kuna tofauti kati ya mwitikio na mahudhurio. Shangazi alimwambia, "Mjukuu wangu, aliyehudhuria ni mbuzi."

Hapo Mlinzi aliingia na kusema kwamba watu wapo, tena wengi, ila wamejazana getini na hawataki kuingia. Wanauliza hospitali imepanga kumuua nani. Baadhi yao wameshika michi ya kutwangia.

KUMB. NA. 5/4: BANGO
Mwenyekiti aliomba kuliona bango, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Katibu alimwonyesha picha kwenye simu. Bango lilisomeka hivi, kwa herufi nyekundu:

UA MMOJA KILA NYUMBA
Tuanzie hospitali Jumamosi. Karibuni nyote.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti, akarudia polepole, kisha akakaa juu ya mashuka.

Katibu alikumbusha kwamba maneno yaliyokubaliwa yalikuwa "Ua moja kila nyumba", yaani kila nyumba ipande ua. Herufi moja imezidi. Bila M hiyo ni bustani; ikiwapo, ni kesi.

Mwalimu Mstaafu alisimama na kusema kwamba M hiyo ni yake na haionei haya. Alipelekewa maandishi ayahakiki, akakuta kosa, akalisahihisha. "Ua mmoja, nyua mbili! Sarufi haimwogopi mtu!" Alipoulizwa anazungumzia ua gani, alijibu kwa mshangao, "Ua wa kuzungushia nyumba. Kwani jumuiya hii ni ya nini?"

Ilibainika kwamba Mwalimu amekuwa mjumbe kwa mwaka mzima akiamini kwamba jumuiya inajenga ua. Wajumbe walikumbuka kwamba katika kikao cha kwanza alileta bunda la seng'enge, wakamshukuru wakidhani ni la kuzuia mbuzi. Mwalimu naye alikiri kwamba alishangazwa na jinsi tulivyojadili mbolea, lakini aliheshimu ajenda.

Mtaalamu aliomba itambuliwe kwamba rangi nyekundu lilikuwa wazo lake. Imetambuliwa.

KUMB. NA. 5/5: KIKAO KUHAMIA GETINI
Mwenyekiti aliwaambia watu waliokusanyika, "Ndugu zangu, hatukukusudia kuua. Tulikusudia ua." Watu walirudi nyuma, na kijiwe kimoja kilirushwa kikampata Mtaalamu begani. Mwalimu alijaribu kueleza ngeli. Alizomewa.

Shangazi aliomba nafasi, kisha akazungumza bila kupewa. Alisema:

"Mume wangu alilala wodi ile mpaka akafa. Dirisha lake linatazama ukuta. Siku moja akaniambia, 'Mke wangu, ukuta huu nimeuzoea kuliko nilivyokuzoea wewe.' Nikacheka naye. Halafu nikatoka nje nikalia. Sasa mimi nataka maua pale, basi. Mume wa mtu aliyelala pale leo aone kitu kingine. Haya, anayetaka kunipiga na mchi anipige, mimi narudi kwenye miche yangu."

Kisha mama mmoja, aliyekuwa mbele kabisa na mchi mkubwa kuliko wote, alisema, "Maua? Sasa si mngeandika tu maua?"

Katibu anaomba ionekane wazi kwamba sauti hii ilitoka kwa umma.

Mama huyo aliuliza miche iko wapi. Watu waliingia nyuma yake wote, na kwa kuwa majembe hayakutosha, mashimo yalichimbwa kwa michi.

KUMB. NA. 5/6: UKAGUZI WA MUUGUZI MKUU
Muuguzi Mkuu alipita adhuhuri akakuta kiwanja hakina pa kukanyaga. Alisema hajawahi kuona jumuiya ya kujitolea ikikusanya watu wengi namna hii, akauliza siri ni nini. Mtaalamu alijibu, "Mkakati." Mlinzi alikohoa kwa muda mrefu. Muuguzi Mkuu aliagiza kokoto zikamwagwe upande wa chumba cha kufulia, na kiwanja kibaki bustani.

KUMB. NA. 5/7: KAULIMBIU MPYA
Ili kosa lisijirudie, Mwenyekiti alipendekeza bango jipya liseme "PANDA UA HOSPITALINI". Wajumbe walipiga makofi. Mlinzi, ingawa hana kura, aliuliza nani atakuwa akiwashusha watakaoupanda. Makofi yalikoma. Mwalimu alisema kwamba, kwa mara ya kwanza, hata yeye analiona tatizo.

Katibu alipendekeza "maua". Mwenyekiti alielekeza wazo hilo apewe Mtaalamu akalifanyie utafiti. Mtaalamu alitoka kwenda kunywa maji, akarudi, akatangaza kwamba utafiti umekamilika na matokeo ni "maua". Alipongezwa sana.

KUMB. NA. 5/8: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alikuwa akitoa shukrani pale dirisha la wodi lilipofunguliwa. Mgonjwa mmoja, ambaye hakuonekana ila mkono, alisema, "Nyie mlio hapo chini! Hilo jekundu lisogezeni kushoto kidogo, nikilala silioni."

Shangazi alilichimbua, akalisogeza, akauliza, "Hapo?"

"Hapo hapo, mama. Usiliguse tena."

Shangazi alikaa chini palepale kwenye udongo. Katibu aliacha kuandika kidogo, kwa hiyo shukrani za Mwenyekiti hazimo humu.

Kikao kilifungwa saa saba mchana. Mbuzi alikuwa amerudi, na Mwalimu Mstaafu alikuwa akiizungusha seng'enge yake kwenye maua yote, akikaza kila nguzo mwenyewe. Ua mmoja. Hapo hakuna wa kumsahihisha.

Mwenyekiti: ....................
(Amesaini, baada ya kuomba mbuzi aondolewe kwenye kumbukumbu. Hakuondolewa.)

Katibu: ....................