Mbu wa Monsieur Pitchou

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Prefe, mkuu wetu wa shule, ameniita ofisini. Nilidhani kuna mzazi amelalamika. Hapana! Kuna projeti imefika kutoka Kindu: kuchanganya sayansi na sanaa ili wasichana wapende kazi za biolojia – labo, uganga wa hospitali, kilimo. Kwa njia gani? Teatre! Nafundisha biolojia hapa Kasongo tangu sijaota mvi, kumbe nilichokosa ni ngoma tu.

Na wakubwa wa projeti wasiporidhika, Septemba seksio yangu ya biolojia inafungwa. Prefe kasema hivyo akitabasamu, kama mtu anayekukaribisha chai.

Mwenzangu ni Monsieur Pitchou, mwalimu wa Kifaransa, sultani wa teatre ya parokia. Mungu wangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Pitchou ameleta mchezo wake. Mbu dume – yaani Bruno, mwanafunzi mwenye sauti ya ngurumo – anafunga ndoa na kidudu cha palu, yaani malaria. Nikamwambia, Monsieur, mbu dume haumi mtu, anakunywa maji ya maua. Na arusi iko kweli, ila ni ya vidudu kwa vidudu, ndani ya tumbo la mbu. Nilitaka kumwaibisha. Akaruka kwa furaha!

"Arusi mu tumbo! Madame, weye ni mushairi!"

Miaka yote hii sijatukanwa namna hiyo.

Bruno ameondolewa. Mbu sasa ni Aurélie, wa seksio ya kushona. Ya kushona! Wasichana wangu wa biolojia wanaona haya kuigiza.

Jumamosi, 27 Aprili

Mazoezi. Aurélie kaniuliza: "Madame, sababu gani ya muke tu njo inauma?" Nikamjibu: jike anatafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Akasema: "Kumbe iko mama."

Basi! Akaanza kuigiza mbu mwenye njaa, anayewaza watoto wake. Pitchou akashika kichwa: watu watamhurumia mbu! Safi sana. Tumeombwa kuleta waganga, tunaleta mawakili wa mbu.

Lakini lile swali... Wanafunzi wangu hawaniulizi kitu. Wananakili ubaoni. Labda kuna mtu aliwazoesha hivyo.

Ijumaa, 10 Mei

Tunapeleka mchezo vijijini, kwa barabara ya Kabambare. Tuiite barabara, kwa heshima. Kabla ya Lusangi pikipiki iliyombeba Pitchou ililala kwenye tope, yeye chini, spika juu yake. Sikucheka. Nilikohoa.

Jumamosi, 11 Mei

Watu walijaa uwanjani, hapa kijijini kabla ya Lusangi. Kwenye arusi ya tumboni walipiga vigelegele – wazazi ambao kwenye mkutano wa shule hawaji! Pitchou aliinama kusalimu mpaka nikaogopa hatainuka tena.

Halafu nyuma ya pazia akaja mama mmoja, Dieudonnée, na mtoto mgongoni. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mbu.

"Weye njo umesema unajua kidudu inaingia wapi. Angalia mutoto wangu."

Aurélie alitaka kusema yeye ni wa teatre tu. Akamgusa mtoto. Akarudisha mkono haraka, kama aliyegusa sufuria. Akanitazama. Nikamgusa na mimi: homa kali.

Tulikimbia kituo cha afya, Aurélie na mabawa yake ya mbu mgongoni. Watu wakidhani mchezo unaendelea, wakatufuata wakipiga makofi! Ramazani, mtu wa labo, alitoboa kidole cha mtoto, akapaka tone kwenye kioo, akatia rangi, akaangalia. Akamwachia Aurélie mikroskopu.

"Madame, kuna pete. Pete mingi."

"Njo kidudu yenyewe hiyo," Ramazani akasema. Kwangu akaongeza polepole: ni nyingi mno.

Mtoto amepigwa sindano. Mama anauliza, atapona? Ramazani anasema tutaangalia damu tena kesho.

Jumapili, 12 Mei

Wakubwa wa projeti wanatungoja Lusangi leo, na kamera. Aurélie haondoki. Amelala benchi moja na Mama Dieudonnée. Asubuhi kamuuliza Ramazani kazi hii mtu anaisomea wapi. Mimi hajawahi kuniuliza! Sasa anataka aone kama pete zimepungua. Mtoto bado hajafumbua macho.

Pitchou yuko nje, juu ya pikipiki, dereva ameshawasha. "Madame! Bila mbu, hapana teatre! Bila teatre, hapana seksio!"

Kwa mara ya kwanza hesabu yake ni sahihi. Projeti yote hii, spika, kamera, ni kutafuta msichana apende labo. Tumempata. Sasa nimtoe labo, nikamsimamishe Lusangi aigize kwamba anaipenda labo. Prefe atafurahi sana.

Nimeingia kumwambia achukue mabawa yake twende. Nilikuwa na sentensi tayari kabisa. Ramazani alikuwa anaweka kioo kipya. Mama Dieudonnée amesimama ukutani, mikono kifuani. Aurélie jicho liko kwenye mikroskopu, hakugeuka.

"Madame, funga mulango. Moshi ya pikipiki inaingia."

Nimeufunga. Niko upande wa ndani, naandika nimeuegemea. Pitchou anapiga honi. Aurélie anahesabu pete kwa sauti ndogo, anakosea, anaanza upya –