Kwa Kaanaeli, Aliyepakwa Mafuta na Mama

Mwaka umetimia sasa, Kaanaeli, tangu tulipokulaza kati ya migomba na mibuni ya baba, hapa juu ya Tengeru, katika manyunyu ya mwezi wa Julai. Kichomi kilikuchukua kwa siku nne tu. Nyundo yako ilikuwa bado juu ya meza ya gereji, pale pale ulipoiacha.

Tulikuwa tumeshaandika tangazo fupi la kukukumbuka, kwamba ulikuwa mpole, mcheshi na mchapakazi, na yote hayo ni kweli. Lakini kaka yako Aminieli alipolisoma alilirudisha mezani, akasema hilo ni tangazo la mtu yeyote. Akasema tuandike yote, na yeye tumwandike alivyo. Dada yako Eunike, ambaye ndiye ameshika kalamu, alimwuliza mara tatu kama ana hakika, maana unamjua Eunike, hapambi mtu. Akasema ana hakika. Haya basi.

Aminieli alikuonea wivu. Wala si wivu wa siku moja unaopita kama mafua. Alikuonea gere tangu ulipozaliwa, wewe kitinda mimba na yeye wa kwanza. Alikuonea kwa kicheko chako, na kwa jinsi ng'ombe wa mama walivyotulia ukiwakamua wewe, na yeye wakampiga teke. Lililomuuma zaidi ni jina la mama. Desturi iko wazi, mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea mama mikungu ya ndizi hadi sokoni Tengeru, ukiwatania wanawake wote njiani, na wanawake wale wakaanza kumwita Mama Kaanaeli. Jina likashika. Kila alipolisikia, Aminieli alinuna hadi jioni.

Kazi ya gereji alianza yeye. Mwaka wa 1947 alishuka mjini Arusha, akapokewa na Fundi Mikidadi, mtu wa Tanga, aliyekuwa akinyoosha na kupaka rangi magari yaliyogongwa, ya wazungu wa mashamba na ya serikali. Mwaka mzima hakupewa nyundo. Alisugua msasa na maji mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Hata hivyo anasema hajawahi kuwa na furaha kama mwaka ule, kwa sababu ilikuwa kazi yake na wewe hukuwamo. Kisha mama akasema, mchukue na mdogo wako. Akakuchukua. Angefanyaje?

Jamani, mkono wako! Fundi wa bodi hugonga bati kwa nyundo upande huu, huku ameshikilia chuma kizito upande wa pili, na palipobonyea hurudi kidogo kidogo. Wenzako walitazama kwa macho wajue wapi bado. Wewe ulifumba macho ukapitisha kiganja juu ya bati taratibu, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa, ukajua. Hakuna aliyekufundisha. Fundi Mikidadi aliacha chai yake ipoe akikutazama. Na Aminieli alimtazama Fundi akikutazama, roho ikamuuma hata chakula cha mchana kikamshinda.

Mwaka wa 1950, wakati wa kahawa, mwenye gereji alisema anataka fundi rangi wa kudumu, atakayekaa chini ya Mikidadi mpaka aje kushika nafasi yake. Mmoja tu. Palikuwa na gari jeusi la mzungu mmoja wa kahawa, lililoacha njia pale Kikatiti likimkwepa ng'ombe, madigadi zote mbili za mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, zikapondeka. Fundi akampa Aminieli ya kushoto, akakupa wewe ya kulia. Kila mmoja anyooshe, asugue, apulize rangi mwenyewe, na atakayeshinda ndiye fundi.

Ulimaliza kunyoosha siku mbili kabla yake. Fundi alimwaga maji juu ya madigadi yako, akainama kuangalia yanavyoteremka, na yakateremka bila kusita popote. Akauliza kwa utani kama kweli hii ndiyo iliyogongwa. Aminieli alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa gari na nyundo mkononi. Alisikia kila neno.

Ndipo ukaja nyumbani siku tatu kumsaidia mama kuchuma kahawa. Huku nyuma, Fundi alimfundisha Aminieli kanuni kubwa ya rangi. Bati likishafutwa kwa petroli, haliguswi tena kwa mkono mtupu. Na siku ya kupuliza rangi fundi asijipake mafuta ya aina yoyote, kwa maana mafuta kidogo tu, yasiyoonekana kwa macho, hufanya rangi ikatae kushika. Mwishoni akamwambia, mweleze na mdogo wako akirudi. Aminieli akaitikia vizuri sana. Uliporudi mjini kwenye chumba chenu cha mtaa wa Sakina, na ndizi begani, ukamwuliza Fundi amefundisha nini ulipokuwa hupo. Akakujibu, "Hakuna jipya."

Maneno mawili tu, Kaanaeli. Anasema akilala huyasikia.

Jumapili mlipanda nyumbani kwa ibada, na Jumatatu ya rangi mkatokea hapa hapa. Mama alikuwa mlangoni tangu alfajiri na ile pembe ndogo ya mafuta ya kondoo. Kwetu mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa hupakwa mikono mafuta hayo, na hayaoshwi mpaka jua lizame. Mama alimwita Aminieli kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Aminieli akaficha mikono nyuma.

"Mimi si mtoto, Mama," akasema.

Mama akakugeukia wewe, nawe ukanyoosha viganja vyote viwili ukicheka. Alikupaka mpaka katikati ya vidole, akakuombea polepole, hakuwa na haraka hata kidogo. Aminieli alisimama kando akijua vizuri mafuta yale yatafanya nini. Neno moja lingetosha. Na hebu ona roho ya binadamu ilivyo: huku anafurahi kwamba umekwisha, alikuonea wivu kwa mafuta yale yale aliyoyakataa, na kwa jinsi mama alivyoishika mikono yako muda mrefu. Aliyaita baraka yako na kusahau kwamba aliitwa yeye kwanza.

Gereji, mlimwagia sakafu maji kutuliza vumbi. Fundi mwenyewe alizifuta madigadi zote mbili kwa petroli, kisha akaenda nje kuwasha mashine ya upepo. Wewe, kama ulivyozoea, ukafumba macho ukaweka kiganja juu ya bati lako kwa mara ya mwisho, uhakikishe. Aminieli alikuona. Angeweza hata kukohoa tu. Hakukohoa.

Yake ikatoka nyeusi, ikang'aa kama kioo, mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu. Yako ilianza vizuri, halafu vitundu vikafumbuka, kimoja, vitano, vingi, vidogo na mviringo kama macho ya vifaranga. Vikaenea vikachukua umbo la kiganja chako na vidole vyote vitano. Fundi alizima mashine. Akakushika mkono, akaunusa, akakuongoza mpaka nyuma ya gereji. Aminieli hakusikia mlichozungumza. Mliporudi, Fundi alitangaza kwamba Aminieli ndiye fundi rangi, na wewe urudi kwenye msasa. Ukasema, "Hongera, kaka," ukachukua ndoo ya maji ukaanza kusugua ile madigadi upya.

Mwaka mmoja na nusu ulisugua msasa, na magari mengi uliyoyasugua yalikuwa ya kupakwa rangi na Aminieli. Hukununa. Ulimletea ndizi na maziwa kutoka nyumbani, ulimwosha mgongo alipougua homa, na ulipomwoa Nashilu ulitaka Aminieli ndiye asimame kando yako kanisani. Baadaye ukarudishiwa nyundo, ukawa fundi wa bodi ambaye mpaka wenye malori ya Moshi walikuja kumwulizia. Na unajua walivyouliza? Gari limetoka kwa Aminieli jekundu linameremeta, wenyewe wanalizunguka, wanapapasa bati, wanasema, ah, huu ni mkono wa Kaanaeli. Aminieli yuko pale na bomba la rangi mkononi, wala hawamwoni. Alikuwa ameshinda, nafasi anayo, na bado kila jioni alirudi nyumbani na kijicho chake kikiwa kizima.

Hata siku ya kukuzika, na hili ametuamuru tuliandike, alipoona watu wamejaa mpaka barabarani, aliwaza kama kwake watafika nusu.

Mwezi uliopita Fundi Mikidadi alipanda kutoka mjini kuja kumsalimu mama. Amezeeka, ameacha kazi, anatembea na fimbo. Aminieli alimpa shikamoo akamwekea kiti, mama akaleta chai, na mazungumzo yakawa juu yako. Fundi akasema katika miaka yake yote hajapata mwanafunzi mkweli kama wewe, akaanza kutoa mfano. Siku ile ya madigadi, alisema, alikasirika sana, akakupeleka nyuma ya gereji akakuuliza kama kaka yako alikuambia habari ya mafuta. Alikuwa ameshaamua kwamba ukisema hapana, Aminieli anafukuzwa saa ile ile na nafasi unachukua wewe, kwa kuwa kwa kunyoosha ulikuwa umekwishamshinda.

"Alivitazama viganja vyake," Fundi akasema. "Kisha akanijibu, 'Aliniambia, Fundi. Mimi ndiye nimesahau.' Kijana gani hukiri kosa hivyo na riziki iko mkononi?"

Mama akaitikia kwa kichwa, akafuta macho. Aminieli aliweka kikombe chini. Miaka sita alikuwa akidhani hukujua, na kumbe ulijua pale pale nyuma ya gereji, ukamwachia kazi, ukamwachia jina la fundi rangi, ukarudi ukampa hongera. Ametuambia kwamba hata wakati huo hakuhisi aibu kwanza. Alihisi wivu. Alikuonea wivu kwamba ulikuwa na moyo wa kusema vile na yeye hangeweza. Aibu ilifuata nyuma.

"Hakusahau, Fundi," akasema. "Sikumwambia. Na asubuhi ile nilimwona anapakwa mafuta nikanyamaza."

Fundi Mikidadi akaomba fimbo yake, akaondoka bila kumaliza chai. Mama alibaki ameinamisha kichwa. Hatukujua atasema nini, na hakusema kitu kwa siku tatu, akipika na kuteka maji na kumpita Aminieli kama anavyopita mlango.

Siku ya nne Aminieli alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amekutengenezea msalaba wa bati, ameunyoosha kwa nyundo yako, ameusugua, ameufuta kwa petroli, na rangi nyeupe iko tayari. Akaacha vyote akamfuata mama jikoni. Alinyoosha viganja, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwenye mvi mbili tatu.

"Nipake na mimi, Mama."

Mama akamwambia, "Siku ile nilikuita wewe kwanza." Kisha akaishusha pembe kutoka darini akampaka, mpaka katikati ya vidole. Hakuwa na haraka.

Aminieli alirudi kwenye msalaba. Akafumba macho, akaweka kiganja chake katikati ya bati, akakikandamiza. Kisha akapuliza rangi.

Msalaba huo umesimama juu yako sasa. Fundi rangi bora wa Arusha ndiye aliyeupaka, na katikati yake rangi imekataa, pana mkono mzima wa vitundu. Wanaopita kwenda kanisani husimama wakasema Aminieli siku hizi kazi imemshinda, angalia alivyomharibia mdogo wake. Aminieli huwasikia akiwa kwenye mibuni. Anawaacha waseme. Fundi Mikidadi alipoletewa habari alipanda tena na fimbo yake, akautazama, akaweka mkono wake juu ya ule mkono, halafu akaingia ndani akaomba chai.

Tunaokukumbuka ni sisi wa nyumba yako: mkeo Nashilu na mwanao Solomoni, ambaye ameanza kufumba macho akipapasa vitu, dada yako Eunike, aliyeandika, Fundi wako Mikidadi, kaka yako Aminieli, aliyeomba jina lake lisitangulie la mtu yeyote ila la mama, na mama yako Marta, ambaye kwa ombi la Aminieli mwenyewe tumemwandika hapa kama soko zima la Tengeru linavyomwita, Mama Kaanaeli.

Hatutaacha kukukumbuka, siku zote tulizobakiziwa.

Tengeru, Arusha, Julai 1957