Bwana Hamdu, Fundi wa Daka la Bweni

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile uliposema umechoka kidogo, ukajinyoosha mkekani, nasi tukanyamaza ili usinzie mpaka adhuhuri. Hukuamka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeshika kalamu mimi Aliya, mwanao wa kwanza, kwa niaba ya wote hapa Mbwajumali, na Mama ameketi karibu yangu kuhakikisha sikusifu kupita kiasi.

Maana ulikuwa na vituko vyako, na leo tunavitamani vyote. Ulipima ukuta kwa dhiraa ya mkono ilhali futi imo mfukoni. Ukipiga simu Faza, tulikutania kwamba wa Faza wangekusikia hata bila simu. Saruji uliisema vibaya kama mtu anavyomsema mkwe asiyemtaka. Na hukupeleka tonge kinywani kabla hujauliza, "Jirani mumempelekea?"

Fundi wa madaka, ndivyo walivyokuita. Hukupita mlango wa nyumba ya mawe, Faza wala Lamu mjini, bila kulikagua daka lake: ule ukumbi mdogo wa mbele wenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni huketishwa, akaamkiwa, akapewa maji, kabla haijajulikana kama ni wa kuingia ndani au ni wa kurudi zake. Tulipokuwa wadogo tulichoka kusikia habari za madaka. Yasir, mdogo wangu, alikuwa akilala kabla hujafika kwenye chokaa.

Lakini daka tunalotaka kulitaja leo haliko visiwani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, huko bara. Saa nane za mchana, wenzangu wako darasani, mtu alibisha mlango wa chumba changu. "Hodi. Asalamu alaykum." Wewe ndiwe uliyenifunza, Baba, kwamba salamu huitikiwa, na hodi hujibiwa karibu. Nikafungua. Aliondoka na kompyuta na simu, na nilipomshika shati alinisukuma, nikaporomoka ngazini, mkono ukavunjika. Katika daftari la wageni langoni, mahali pa jina, alikuwa ameandika "Mgeni", na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mkono haukuniuma kama lile swali. Kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza: kwa nini ulimfungulia? Mwisho nikawa najiuliza mwenyewe. Niliacha kula, nikaacha kwenda darasani, nikakaa chumbani nimeegemeza meza mlangoni.

Mama alisema yametosha. "Nakwenda kumtwaa mwanangu," ulimwambia, ukapanda boti kwenda Mokowe kutafuta basi. Mama naye akalitoa godoro langu, akalianika juani, tayari kwa kurudi kwangu.

Ulipofika hukunikemea. Ulizipanda zile ngazi, ukazishuka, ukazipanda tena, kisha ukasimama mlangoni mwa bweni ukitazama wanaoingia na kutoka. Hakuna aliyekuuliza wewe nani. Ukarudi chumbani, ukaketi kitandani kwa Radhiya, mwenzangu wa chumba, ukaniambia maneno ambayo hadi leo nayashika.

"Hukukosa, mwanangu. Mgeni hukaribishwa. Lakini hukaribishwa dakani. Nyumba hini haina daka. Mtu hutoka ndiani, huko nje, akangia hata chumbani, hapana pa kumketisha, hapana wa kumuuliza. Iliyokosa ni nyumba."

Nililia, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia sikukosa.

Bi Keziah, mlezi wa bweni letu, alipokuona ukija ofisini kwake alidhani umekuja kugombana. Kumbe ulikuja kuomba ruhusa, na mawe yaliyobaki nyuma ya jiko. Ruhusa ilichukua siku tatu na sahihi nyingi. Kazi ilichukua siku sita, viti viwili vya mawe vikitazamana mbele ya mlango, na paa dogo juu yake. Ulitumia saruji, na uliinung'unikia mpaka mwisho. Wanafunzi walikupita wakicheka. Kijana mmoja aliuliza, "Mzee, hii ni steji ya nduthi?" Ukamjibu, "Ee, na abiria wa kwanda ni wewe. Kaa." Akakaa kweli, na kesho yake akaja kukubebea mawe.

Kisha ukawaita wasichana wote, ukawapa sharti. Ajaye aketi. Aamkiwe, apewe maji, aulizwe jina lake na anamtaka nani, na anayetakiwa ndiye ashuke amfuate. Asipande mtu. "Hata mkuu wa chuo akiya, naye aulizwe," ulisema, na Bi Keziah akainama kuficha kicheko.

Ukarudi Mbwajumali peke yako. Ulikwenda kunichukua, ukaniacha, kwa sababu niliketi dakani jioni ile nikakwambia nataka kumaliza masomo. Mama alikupakulia chakula mwezi mzima bila kukusemesha. (Anasema hapa si kweli, zilikuwa wiki tatu.)

Hatudanganyi, wizi haukwisha chuoni. Simu bado zinanyakuliwa barabarani, na taa za nyuma ya maktaba zikiungua hukaa muhula mzima bila kubadilishwa. Lakini mlangoni mwetu paligeuka mahali pa watu. Baada ya alasiri wasichana walishuka na vitabu vyao, Bi Keziah akaleta birika na vikombe, na waliokuwa hawajuani kwa majina wakaanza kuulizana habari za kwao. Siku moja akaja mtu na begi la vyombo, akasema yeye ni fundi wa mabomba. Tukamketisha. Tukamuuliza bomba la chumba gani, na nani amemwita. Alitazama huku na huku, akasema amesahau spana, akaenda asirudi. Nilipokupigia kukueleza, jambo la kwanza uliloniuliza ni, "Mulimpa mayi?"

Tulimpa, Baba.

Nilimaliza. Ulihudhuria mahafali umevaa kanzu mpya, na picha nyingi ulitaka tupigie pale dakani, si kwenye bustani walikopigia wenzetu. Sasa nasomesha Faza. Ulipoondoka duniani nilikuwa na miezi minne kazini, na nashukuru kwamba uliiona.

Mwaka huu Tima, mdogo wetu, naye ameitwa, chuo kile kile, bweni lile lile. Ungefurahi kuliko sisi sote. Lakini Mama alikataa. "Aliya alikuwa na babake wa kumuendea," alisema. "Huyu ana nani?" Tima alihifadhi barua yake ya chuo chini ya mto, hakuitaja tena, akawa anafua nguo za nyumba nzima kila siku ili asionekane akilia. Zilipobaki siku mbili za kuandikishwa, Mama akasema atakwenda kupaona mwenyewe, na atarudi naye. Walipoondoka nililitoa godoro la Tima nikalianika juani, kwani namjua mama yangu.

Alinipigia simu kesho yake, adhuhuri. "Aliya, wamenizuia mlangoni."

Nikadhani amekasirika. Nikaanza kumtuliza, akanikatiza. Msichana asiyemjua alikuwa amesimama mbele yake akamwambia, "Mama, karibu uketi hapa kwanza. Jina lako nani, na umekuja kwa nani?" Mama akamwambia, mimi ni mke wa mtu aliyekijenga kiti hiki. Yule msichana akamjibu kwa adabu, "Ahsante sana, mama. Lakini keti." Akamletea maji, akaenda kumuita Bi Keziah.

"Nimekaa," Mama aliniambia. "Nimekaa kama mgeni yeyote, nimeyanywa mayi, nimelia."

Nikamuuliza, na Tima?

"Tima nimemuwata hapo, asome. Babake yupo mlangoni."

Nikaenda nje, nikalianua godoro, nikalikunja nikaliweka kabatini.

Khitma yako itasomwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nyumbani Mbwajumali, na wote wanakaribishwa, wataketishwa dakani kwanza, kama ulivyopenda. Wanaokukumbuka ni mkeo Bi Swafiya, wanao Aliya, Yasir na Tima, nduguyo Bwana Fadhil wa Faza, majirani ambao hukuwasahau katika chakula, na Bi Keziah na mabinti wa bweni, ambao wengi wao hawakukuona. Mola akurehemu, Baba, alifanye kaburi lako kuwa na nuru na nafasi, na akupokee kwa wema kama ulivyopenda kila mgeni apokewe.

Daima dawamu tutakukumbuka.