Kwa Mwalimu Scholastika, Aliyewazuia Watu Kuingia Kisimani

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokulaza Chinongwe penye makaburi ya wajomba zako, na nyumba ya Naipingo bado haijazoea. Baba akirudi shamba hupiga hodi kabla ya kuingia, kama ulivyomzoesha, kisha husimama mlangoni kidogo mpaka akumbuke kwamba hakuna wa kuitikia.

Ulifundisha Darasa la Tatu tangu hatujazaliwa. Watu wazima wenye watoto wao walikukuta gulioni, wakakuamkia, wakakutajia kwa pamoja, "Yabisi, kimiminika, gesi." Ulicheka, lakini hukupenda mtoto akariri kitu ambacho hajakishika. Ndiyo maana ulikwenda Nachingwea mjini na chupa ya chai kununua barafu, ukarudi juu ya bodaboda umeikumbatia, ili watoto waishike na kuiona ikigeuka maji vidoleni mwao. Kisha uliyabandika maji yale motoni mpaka yakaisha. "Yamekwenda wapi?" uliwauliza. Waliotaka kuchungulia chini ya sufuria uliwaacha wachungulie.

Gesi ndiyo iliyokuwa na kazi. Ulikaanga korosho nyuma ya darasa, madirisha wazi, ukangoja mpaka watoto waanze kugeuza shingo.

"Mmeiona harufu?"

"Hatujaiona, Mwalimu."

"Basi mmejuaje kama ipo?"

"Imetufikia."

Jibu hilo ulikuja nalo nyumbani, ukaturudishia mezani kama aliyeleta zawadi.

Darasani mwako watoto wa wakulima walikaa dawati moja na watoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Nje ya darasa mambo hayakuwa hivyo. Ng'ombe waliingia kwenye mbaazi, watu wakatoleana mapanga, na kila kiangazi kisima cha bondeni kilizusha maneno. Ukiulizwa uko upande gani, ulisema, "Mimi nina watoto. Upande sina."

Oktoba ile ya mwaka uliotangulia kifo chako, kisima kilibaki tope. Ngolo, mfugaji, baba yake mwanafunzi wako Hosiana, alisema atakichimba kiende chini zaidi, wanywe wote, ugomvi upungue. Yeye na wenzake wakashusha pampu ya petroli ndani kabisa ya shimo, wakaiwasha ivute lile tope jembamba. Ikaunguruma muda mrefu, halafu ikazima yenyewe. Ngolo akashuka kwa kamba kwenda kuitazama. Walipomwita, hakujibu.

Ulikuwa unatoka shule na binti yako Magreti. Ni yeye aliyetusimulia, maana wewe hukupenda kuyasema. Mlikuta watu wamejaa, na Isaka, mdogo wake Ngolo, amekwisha kujifunga kamba kiunoni.

"Usiingie, Isaka," ulimwambia.

"Mwalimu, kaka yangu yumo humu."

"Najua yumo. Lakini mle ndani kuna gesi ya mashine, na hewa hakuna. Pampu yenyewe imekosa pumzi ikazima. Wewe utapumua nini?"

"Naona mpaka chini. Hakuna kitu."

"Ndiyo hiyo. Haionekani."

Alikusukuma. Ukaketi pale pale kwenye mdomo wa kisima, ukaishika kamba yake kwa mikono miwili, na alipovuta ulichubuka viganja lakini hukuiachia. Ukaagiza watu wakate matawi yenye majani mengi, wayafunge, wayashushe na kuyapandisha ili yasukume hewa safi ndani. Adinani, jirani yetu, akaleta kulabu. Walimnasa Ngolo mkanda wakamvuta. Alipofika juu alikuwa hana roho.

Kabla hajazikwa, maneno yalikuwa yamefika Marambo: mwalimu amezuia mfugaji asiokolewe, angekuwa mkulima, angeruka yeye mwenyewe. Hayo ulikuwa umeyategemea. Kilichokuumiza zaidi ni watu wa kwetu waliokusifu kwa jambo hilo hilo. Mmoja alikuletea jogoo, akasema umefanya la maana. Ulimrudisha na jogoo wake, na salamu yake hukuipokea tena.

Wafugaji waliwatoa watoto wao shule. Ukawa unawafuata kwa miguu mpaka kwenye boma la Isaka. Ulipiga hodi, ukasimama juani, wakaendelea kukamua kama vile hakuna mtu. Ulirudi na vumbi magotini.

"Mama Magreti, yatosha sasa," Baba alikuambia.

"Watoto hawajamaliza somo," ulimjibu, ukaenda kunawa.

Sisi tulijua hilo silo peke yake lililokupeleka. Ulikuwa ukipeta mchele, mara ungo ukatulia mikononi. "Labda alikuwa bado anapumua," ulisema. "Pale nilipomshika Isaka kamba. Labda." Tulikuambia Isaka angeshuka, wangezikwa wawili. Adinani naye alikuambia hivyo. Ulitusikiliza, ukaendelea kupeta, na keshokutwa yake ukauliza tena.

Mvua zilipokatika, Hosiana alirudi darasani. Mama yake alimtuma bila kumwambia mtu. Siku hiyo hukwenda kwenye ubao, ulikaa naye dawatini, naye akakuuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ile iliyompata baba, inauma?"

Ukamwambia haiumi. Mtu huchoka tu, akalala.

Ulipofika nyumbani ulikaa jikoni na mkoba ungali begani. "Nimemwambia mtoto kitu ambacho sina hakika nacho," ulisema. "Sijawahi kufanya hivyo." Baba alikuvua mkoba, akakuletea maji ya kunywa.

Presha iliyokuwa ikikusumbua ilikuzidi wiki chache baada ya likizo. Ulianguka kwenye uwanja wa shule, tukakukimbiza hospitali, na hukuamka tena kutuaga. Tukakupeleka Chinongwe, kama ulivyokuwa umesema.

Isaka alikuja, Mama. Alikuja na pikipiki, Hosiana amepanda nyuma yake, wamejaa vumbi la njia yote ile. Hakukaa na wanaume. Alisimama pembeni mpaka padri alipomaliza, ndipo akamfuata Baba kaburini, watu wa pande zote wakimtazama.

"Shikamoo, Mzee Eustace."

"Marahaba."

"Sijui kama nimemsamehe mwalimu."

"Sijakuuliza hilo," Baba alisema.

Isaka akatazama chini. "Mke wangu amejifungua mwezi huu. Nilimpakata mtoto, nikaikumbuka ile kamba, nikaona sina budi kuja."

Baba alimpa jembe lililokuwa mkononi mwake. Udongo wa mwisho juu yako, Mama, aliuweka Isaka, akausawazisha taratibu mpaka watu wakaanza kuondoka.

Wanaokukumbuka ni mume wako, Mzee Eustace, wanao Magreti na Dastani, dada yako Fatma na watoto wake wa Ruangwa, jirani yako Adinani, walimu wenzako, na Hosiana, ambaye mama yake ametupa ruhusa ya kumtaja. Misa ya kukuombea itasomwa Naipingo Jumapili hii asubuhi, na baada yake wote, wakulima na wafugaji, wanakaribishwa nyumbani.

Isaka naye tulimwuliza kama tuliweke jina lake miongoni mwa wanaokukumbuka. Akasema tungoje. Tunangoja.

Pumzika, Mwalimu. Hukututoka moyoni mwaka huu, wala hutatutoka kamwe.