Dhahabu Isiyo ya Njano

Lipangalala, Ifakara
9 Aprili 2024

Mwanangu Domitila,

Habari za Ujerumani? Mimi mzima, ila miguu. Kaka yako Fulgensi anaandika kwa simu yake, mimi nasema. Mama yako tumemzika jana. Malaria ilimpanda kichwani. Tulikupigia, hukupokea, ndipo Fulgensi akakutumia ujumbe. Kaburi tulichimba mahali pa juu, maji yasifike.

Baba yako

2 Mei 2024

Baba, shikamoo. Ujumbe wa Fulgensi niliupata. Mimi mzima. Kazi yangu ni vishada vya dhahabu, atomu chache zilizoshikana. Zikiwa ishirini hujipanga kama piramidi, elektroni zinajaza nafasi zao, kishada kinatulia. Ikiongezeka atomu moja, elektroni moja inabaki bila mwenzake. Dhahabu ndogo hivyo wala si ya njano. Mvua imepungua?

Mwanao, Domitila

28 Mei 2024

Marahaba, mwanangu. Mvua imekatika. Arobaini imepita salama, tulipika wali na kambare. Shangazi yako Bernadeta alisomewa barua yako akauliza, "Mbona hajamtaja mama yake?"

Nikamwambia, "Anatueleza kazi."

"Kazi gani, na msiba haujapoa?"

Mwanangu, niambie. Unakula? Unalala? Bernadeta anataka tugawe nguo za marehemu. Nimemwambia asubiri, uchague yako.

Baba yako

17 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Hamjambo nyote? Nisamehe kwa kukaa kimya. Ninakula. Ninalala sana. Sijalia hata mara moja. Siku ya ule ujumbe nilizima simu, nikarudi kwenye kompyuta kutafuta elektroni za kishada zimekaa wapi. Jibu lilikuja sahihi, wenzangu wakanipongeza, nikawashukuru. Hapa sijamwambia mtu. Naomba kile kitenge chake cha shambani. Msikifue.

Mwanao, Domitila

6 Oktoba 2024

Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Nguo ziligawiwa Agosti, Bernadeta alichoka kusubiri, nami nilichoka kumzuia. Kitenge kilikwenda kwa Minza, yule jirani yetu Msukuma. Nilimfuata kwake, nikamkuta amekivaa, nikamwambia umekiomba. Hakuuliza kitu. Aliingia ndani akabadili, akanitolea kimekunjwa.

Alikuwa ameshakifua, mwanangu. Nimekinusa, ni sabuni tu. Nitakutumia hivyohivyo. Nawe niandikie, hata kama ni habari za dhahabu.

Baba yako